Kimya cha Rilei

Gari lilikataa gia ya nne.
Nasema lilikataa, kama mtu mkaidi,
kwa kuwa ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi ya bei:
giaboksi ya Volvo, otomatiki, mwaka tisini na moja, imekwisha.
Krona elfu kumi na nane, kazi mbali.
Sikuifungua. Hata mafuta yake sikuyanusa.
Miaka thelathini na moja ya gereji
niliihesabu kuwa macho.

Ragnvi Sundelin aliisoma ile karatasi bila kuvua glavu.
"Asubuhi linakwama gia ya tatu," akasema,
"injini inalia barabara nzima.
Nikikaribia Vidsel, kiti kimeshapata moto,
linaingia ya nne lenyewe, polepole, bila haya.
Giaboksi iliyokufa, Tage,
hufufukia Vidsel?"

Nikamwambia ni baridi.
Nje ilikuwa ishirini na nane chini ya sifuri,
na hapa Älvsbyn baridi hubebeshwa
lawama za kila mtu.

Hakubishana. Akaketi kwenye usukani,
akazungusha ufunguo pasipo kuwasha injini,
akabonyeza kitufe ubavuni mwa mkono wa gia,
kisha akainamisha kichwa chini ya dashibodi
kama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.
Akabonyeza tena.
"Njoo usikie."
Nikainama. Sikusikia kitu.
"Hicho hicho," akasema.

Nilikuwa sijui
kwamba miaka kumi na tisa alifanya kazi Boden, mitambo ya simu,
chumba kisicho na dirisha, rilei maelfu ukutani,
kila moja ikigonga ulimi mtu alipomtafuta mtu.
Mgonjwa alimjua kwa kuchelewa kwake,
nukta moja nyuma ya wenzake.

Akaichomoa: kijisanduku cheupe,
kiberiti ni kikubwa kuliko hicho.
Akakibandua ganda kwa kucha, akaniazima lenzi yake.
"Umeme unapita hapa," akasema,
"unakwenda chini kuamsha koili,
koili inafungua njia ya mafuta,
mafuta yanasukuma, gia inaingia.
Chuma chako kizima, Tage.
Kinangoja kuambiwa."

Nikaona. Kwenye shina la pini moja
lehemu ilikuwa imeachana na shaba,
mviringo mwembamba,
kama pete iliyolegea kwenye kidole cha mtu aliyekonda.
Baridi ikivuta kila kitu kwake, ufa hufumbua jicho.
Joto likipanda, kingo hunenepa, hugusana,
na gari hukumbuka lilichosahau.

Nilikuwa tayari kumjengea ukuta mzima,
naye alikuwa na ufa tu.

Akalehemu mwenyewe; mkono wangu ulikuwa na mtetemo
ambao sikutaka aulize.
Moshi kidogo, harufu ya utomvu wa msonobari.
Akairudisha mahali pake. Ufunguo. Kitufe.
Tak.

Tukaendesha hadi darajani na zaidi,
hita imezimwa makusudi, pumzi zetu zikigandia kioo.
Kwenye kilomita sabini kwa saa
ikaingia,
na sauti ya injini ikashuka
kama mtu aliyepata pa kuketi.
Ragnvi hakunitazama. Alikuwa akitazama barabara,
midomo yake ikihesabu kitu.

Aliniuliza bei. Nikasema hakuna.
Akaacha noti ya mia chini ya kikombe cha kahawa,
pamoja na lenzi. Lenzi sijajua hadi leo
kama aliisahau.

Siku hizi, kabla sijashika spana,
nazungusha ufunguo, nainama, nasikiliza.
Wateja hudhani nasali.

Lakini nyuma ya gereji, chini ya theluji,
ziko giaboksi saba nilizong'oa
kwa uhakika ule ule na kalamu ile ile.
Majira ya kuchipua theluji itayeyuka, nitaziona tena.
Mafundi wa chuma chakavu waliuliza bei yake.
Niliwaambia wangoje kidogo.
Sikuwaambia kwa nini.